Taima Zilizolazwa kwa Fundi

Nianze na lililo kweli, nimechoka kulizunguka. Fundi hakuwa mwendawazimu wa taima. Mtaa mzima hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, tulidhani hivyo, na mimi niliyepakana naye ukuta kwa ukuta nilidhani kuliko wote. Alichokitaka yule mzee ni mtu wa kumbishia hodi. Alikuwa mpweke, mpweke hasa, na taima zetu ndizo zilizomletea watu. Nimelijua hilo nimeshachelewa, tena baada ya kumtia aibu mbele ya mtu. Kwa hiyo atakayesoma haya asidhani anasoma maneno ya jirani mwema.

Kwa asiyeijua taima: ni kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya ukutani, nacho kina matundu ya kuchomekea taa au pampu. Unakipangia saa ya kuwasha na saa ya kuzima, basi, kinakufanyia kazi wewe ukiwa shamba, sokoni au msibani. Kwa maneno ni jambo jepesi. Mimi nimelia kwa sababu ya taima, mtu mzima na heshima zangu.

Maana nalima saladi ndani ya nyumba. Wananiita Mama Saladi na jina nimeshalizoea. Hoteli za kule Utende zinataka majani mabichi ya kuwalisha wageni wanaokuja kuogelea na potwe, yule samaki mkubwa kuliko mashua asiyemuuma mtu, na mchanga wetu na jua letu havielewani na saladi. Ukiipanda nje inarefuka shingo, inakuwa chungu, na kuku wanaimalizia. Mdogo wangu akaniletea taa za kukuzia mimea, zile zenye mwanga wa zambarau, pamoja na mabomba ya plastiki yenye matundu. Saladi inakaa kwenye tundu, mizizi inaning'inia ndani ya bomba, na pampu inapitisha maji chini yake kila saa. Pampu isipoamka kutwa nzima kwa joto letu hili, mizizi inakauka na saladi inalala chali. Ukiwa na chumba kile unakuwa mtumwa wake, huendi popote, ndiyo maana mtu anatafuta taima.

Taima yangu ya kwanza ndiyo iliyomleta Fundi kwangu. Nilitaka taa ziwake saa kumi na mbili asubuhi, zizimike saa nne usiku. Nikabonyeza 12:00, nikabonyeza 4:00, nikajipongeza. Kumbe mashine ile haikulelewa Mafia. Ikawa inawasha adhuhuri na kuzima karibu na alfajiri, dirisha langu linatoa mwanga wa zambarau watu wote wamelala. Asubuhi naikuta taa imezimika, nasema labda umeme mdogo. Siku ya nne Fundi akabisha hodi, mara yake ya kwanza kuingia kwangu tangu matanga ya mke wake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie kweli, maana huko nje washakupeleka mbali. Unafuga nini humo ndani?"

Nikamwonyesha. Akasoma kioo kidogo cha taima, akanitazama, akakisoma tena. Halafu akaanza kucheka kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu yanatikisika, mpaka akashika fremu ya mlango.

"Umempangia saa zetu huyu. Mwenzio anahesabu kuanzia usiku wa manane. Sita yake ndiyo saa kumi na mbili yako ya asubuhi."

Nikaanza kuomboleza saladi yangu. Akanikatiza.

"Imepoteza nini? Jumla ni saa kumi na sita zile zile ulizotaka. Saladi haisikilizi redio, inajua imekaa kwenye mwanga kiasi gani. Walioumia ni majirani zako." Akaichomoa taima, akaipima uzito kwenye kiganja. "Lakini huyu simwamini. Naondoka naye nikamlaze."

Nikadhani nimesikia vibaya. Hapana, ndivyo alivyosema, na ndivyo alivyokuwa akisema kwa kila mtu. Fundi alikuwa fundi wa hospitali miaka mingi, wa jenereta, wa friji za chanjo, wa mashine za kuchemshia vyombo. Alipostaafu kazi ilibaki hospitali, maneno akaja nayo nyumbani. Taima mpya haikununuliwa na kutumika, ililazwa kwanza. Sebuleni kwake alikuwa na ubao wenye soketi sita na balbu sita, na kila taima iliyochomekwa pale ilibandikwa plasta ya vidonda yenye jina la mwenyewe na siku ya kulazwa, kwa kalamu ya wino. "Mama Saladi, Jumanne." "Pampu ya msikiti, Ijumaa." Ikipona, au ikithibitika haikuwa inaumwa tangu mwanzo, alisema imepata ruhusa.

Na alikuwa anajua anachokitafuta, nisimvunjie heshima. Swali lake la kwanza kwa kila taima lilikuwa moja: umeme ukikatika, inakumbuka? Kwenye kisiwa chetu swali hilo ndilo lenyewe. Zile taima za kuzungusha, zenye duara la meno madogo pembeni, zinategemea umeme huo huo ili zitembee. Umeme ukiondoka saa mbili, nazo zimesimama saa mbili, ukirudi zinaendelea zilipoachia kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya wiki pampu yako inaamka wakati wa kulala. Ile ya dijitali yenye betri ndani inaendelea kuhesabu gizani. Lakini si zote. Nyingine betri yake imekufa dukani kabla hujainunua, na hiyo utaijua siku umeme unapokatika, umeshachelewa. Fundi hakusubiri. Alikuwa anainuka tu katikati ya mazungumzo, mtu yuko kwenye sentensi, anakwenda kushusha swichi kuu ya nyumba yake mwenyewe. Tunakaa na joto letu, feni imesimama. Akiridhika anairudisha, anapita ubaoni kumuuliza kila mgonjwa ni saa ngapi.

Kisha alisikiliza. Taima nzuri inapozima inatoa mlio mdogo ndani, tik, na taa inazimika. Zipo zinazotoa mlio na taa ikabaki inawaka, kwa sababu vile vyuma vidogo vya ndani vimeungua na kushikana. "Umesikia?" ananiuliza. "Kasema nimezima. Muongo!" Anaichomoa kwa hasira ya kweli, anaiandikia plasta nyingine, "amefariki", anaitia kwenye ndoo. Pampu ndizo zilizoua nyingi. Alinieleza mara mia kwamba pampu inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa ghafla, kuliko inavyovuta ikishazoea, na taima nyembamba haiwezi kishindo kile kila saa, mwaka mzima. Taa nazo, hizi za kisasa, zinajifanya zinakula kidogo, lakini ukizifunga kumi pamoja kishindo chao cha kuwaka si haba. Akanikataza kuweka taa na pampu kwenye taima moja. Akanikataza kuiweka taima chini karibu na maji. Akanionyesha jinsi hewa yetu ya chumvi inavyootesha ukijani kwenye miguu ya plagi, na jinsi ya kuifuta.

Dukani alikuwa balaa. Mwenye duka la vifaa akimwona anakuja alikuwa anajishughulisha na misumari. Fundi anaitoa taima kwenye pakiti, anaitikisa, anainusa. Ndiyo, anainusa. "Plastiki hii inanuka, ikipata moto itayeyuka. Nyingine." Anasoma maandishi madogo ya nyuma, miwani imepandishwa kwenye paji la uso kwa sababu alikuwa anaona karibu vizuri zaidi bila miwani. "Wameandika inabeba ampea kumi na sita. Kwa miguu hii? Haya, watu wana uso mkavu jamani." Anaondoka bila kununua kitu na kuaga kwa adabu zote, "Mungu akuzidishie." Mwenye duka anaitikia amina huku amekunja uso.

Nimeshasema alilaza taima. Sijasema kuhusu saa za kuona wagonjwa. Ilikuwa baada ya Alasiri, na hakuwa na mzaha nayo. Ukija asubuhi kuulizia taima yako anakujibu mlangoni, "Bado, njoo saa za kuona wagonjwa." Ukija baada ya Alasiri unakuta mkeka umetandikwa, birika la kahawa, na vikombe vitano vimefunikwa kitambaa. Vitano, sijui kwa nini vitano, watu tulikuwa watatu siku za neema: mimi, mzee anayeangalia pampu ya msikiti, na mama mmoja wa mtaa wa pili anayetotolesha vifaranga kwa mashine. Siku nyingine nilikuwa peke yangu. Vikombe vilikuwa vile vile vitano, vimeoshwa vyote.

Alikuwa anaongea! Mtu ambaye ukikutana naye njiani anakupa salamu na kupita, pale mkekani alikuwa anatiririka. Habari za friji ya chanjo iliyovuka na ngalawa kwenda kisiwa cha Juani, yeye ameikumbatia njia nzima. Habari za daktari aliyeogopa giza. Za marehemu mkewe aliongea kidogo, na daima kwa mambo ya jikoni, kwamba alikuwa anatia iliki nyingi kwenye chai, kwamba alimkataza kuleta bisibisi mezani. Binti yake alikuwa Dar es Salaam, na simu yake ilikuwa ya siku za Ijumaa. Simu ya Fundi ilipata mtandao dirishani tu, basi Ijumaa akirudi msikitini anaiweka dirishani, anavuta kiti, anakaa mbele yake. Nilikuwa namwona kutoka uani kwangu nikianika nguo. Naanika, naanua, bado amekaa. Nilikuwa nasema moyoni, mzee huyu anapenda simu.

Mtu mwenyewe alikuwa na vituko vyake. Aliyetusumbua kwa dakika moja hakuvaa saa mkononi, na mazishini alifika watu wanarudi. Aliyetukataza waya zilizochubuka, nyuma ya televisheni yake mwenyewe kulikuwa na waya zimefungwa kwa mfuko wa nailoni. Na taa ya chumbani mwake, wallahi, aliifunga kwenye taima ya kuzungusha, ile ile aliyotukataza, kuukuu, isiyokumbuka kitu. Hakuirekebisha kamwe. Kila umeme ulipokatika ilichelewa, ikachelewa, mpaka taa yake ikawa inawaka mchana wa jua kali na kuzima magharibi. Nilimuuliza. Akasema, "Huyo ni wa nyumbani, hana kazi ya kuwahi." Mama wa vifaranga alikuwa akipita anaitazama taa ile na kusema, "Ah, tangu Ramadhani tumeshakosa umeme kwa jumla ya saa kumi na mbili." Na hakukosea sana.

Sasa nifike kwenye langu.

Ilikuwa mwanzo wa msimu wa wageni. Mpishi wa hoteli moja ameniagiza saladi ya wiki nzima, na ameniambia wazi kwamba nikimwangusha atarudi kuagiza Dar. Chumba changu kilikuwa kimejaa, majani mazuri, sijawahi kuwa na mazuri kama yale. Taa zilikuwa na taima tayari. Pampu haikuwa nayo, kwa sababu taima ya pampu, niliyoagiza kwa mtu anayeijua kazi, nzito, yenye betri, ilikuwa imelazwa kwa Fundi. Siku ya kumi na tisa. Siku zote hizo nilikuwa naamshwa na simu kila saa, nakwenda kuwasha pampu kwa mkono, nahesabu, nazima. Nilikuwa natembea nasinzia. Kila nikimuuliza ananijibu, "Bado kidogo, kuna jambo naliangalia."

Asubuhi moja nikaletewa habari kwamba mama yangu mdogo amefariki huko Baleni. Nikavaa, nikapita kwa Fundi, nikakuta mlango wazi.

"Fundi, nina msiba. Nipe taima yangu, nikaifunge sasa hivi niende."

Akanipa pole, akamwombea marehemu kwa maneno mazuri. Kisha akasema, "Siku mbili tu, mwanangu. Nakuja kuwasha mimi mwenyewe, usihangaike. Kila saa nitakuwepo."

Sikuwa na muda wa kubishana, nikampa ufunguo. Akaja, nasikia, mara tatu. Mara ya nne usingizi ukampitia kwenye kiti chake, na alikuwa mzee, na joto lilikuwa kali, na kwa nini mzee wa umri ule awashe pampu kwa mkono wakati taima imening'inia ubaoni kwake? Nilirudi jua linatua, macho yamevimba kwa kulia. Nikafungua chumba. Majani yote yamelala. Yote. Mimi nilikuwa nimetoka kumzika mtu nikaja kukuta maiti nyingine.

Nikaenda kwake. Alikuwa amekaa mkekani na mzee wa pampu ya msikiti, kikombe mkononi, ameshaamka, hajajua kilichotokea au amejua na anaogopa kusema. Sikutoa salamu. Nilisema haya, na nayaandika yalivyo: "Fundi, huna ugonjwa wowote unaotibu hapa! Unatushikia vitu vyetu ili tuje tukae na wewe, kwa sababu huna mtu! Nipe changu!"

Nililisema kwa kumuumiza, si kwa kulijua. Ningelijua nisingelisema. Mzee wa msikiti akainamisha uso kwenye kikombe, "Lahaula, Mama Saladi." Fundi akainuka, taratibu, akaenda ubaoni. Akaibandua plasta yenye jina langu kwa ukucha, kidogo kidogo, isiache gundi. Akaichomoa taima, akanipa kwa mikono miwili.

"Huyu alipona tangu siku ya tano," akasema.

Hakuomba radhi, na mimi sikusubiri. Nikaifunga. Imefanya kazi tangu siku hiyo hadi leo ninapoandika, haijakosea hata mara moja. Mpishi nilimpoteza, nikapata mwingine baadaye, hiyo si habari. Habari ni kwamba kesho yake mzee wa msikiti alikwenda kuchukua taima ya msikiti. Mama wa vifaranga akafuata. Neno langu lilikuwa limeshazunguka mtaa, na watu waliona haya kwenda kukaa na mtu baada ya kuambiwa anawataka. Ndani ya wiki ubao ulikuwa mtupu.

Tuliendelea kusalimiana. Napita barabarani, "Shikamoo, Fundi." "Marahaba." Basi. Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua ishirini, nimezihesabu, na sikuzitembea. Nilijiambia ni msimu, kazi nyingi. Uongo. Niliona aibu, na aibu inakufanya umkwepe uliyemkosea mpaka unaanza kumchukia kidogo kwa kuwa yupo. Baada ya Alasiri nilikuwa nasikia birika likigongana na kikombe upande wa pili wa ukuta. Alikuwa bado anatengeneza kahawa. Nikawa nafungulia redio.

Binti yake alikuja mwaka huo huo kumchukua. Alimkuta amekonda, jiko halina kitu, akasema baba haishi tena peke yake. Nilijua siku ya safari, mtaa mzima ulijua. Siku hiyo nilipeleka saladi Utende asubuhi mapema kuliko kawaida yangu, nikakaa huko bila kazi yoyote mpaka boti ilipoondoka. Niliporudi taa ya chumbani mwake ilikuwa inawaka, mchana, wameisahau. Mzee wa msikiti ndiye aliyekwenda kuizima.

Mwaka ukapita na miezi. Nikaenda Dar es Salaam kununua taa nyingine, na nilikuwa nimemwomba mzee wa msikiti anielekeze nyumba ya yule binti, Mbagala. Asubuhi nikaingia Kariakoo, nikatafuta taima. Sikuihitaji. Niliichagua kwa masharti yake yote, nikaipima uzito, nikasoma nyuma, nikainusa mbele ya muuzaji, akanicheka. Nikaona siwezi kwenda kwa Fundi mikono mitupu, na sukari na mchele ni vitu vya kumpelekea mtu yeyote.

Nilimkuta sebuleni. Nyumba nzuri, safi, zulia, televisheni inaongea peke yake. Wajukuu shule, mkwe kazini, binti yake anaingia na kutoka na simu sikioni. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na mfuko wake wa kifuani ulikuwa mtupu. Sijawahi kuuona mfuko ule bila bisibisi.

"Shikamoo, Fundi."

Akanitazama, nikaogopa kwamba hanikumbuki. "Marahaba, Mama Saladi," akasema. "Mafia wazima? Pampu ya msikiti inaendeleaje?"

Nikamwambia inaendelea vizuri. Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu ndani ya boti, yote yakanitoka. Nikasema tu, "Fundi, lile neno nililolisema siku ile…"

"Lilikuwa kweli lile," akasema bila hasira. "Ila ungeninong'oneza."

Nikashindwa kuinua uso. Yeye akawa anatazama televisheni, ananipa nafasi nijifute machozi. Nilipoweza, nikatoa taima kwenye kapu. "Nimekuletea mgonjwa."

Uso wake ulibadilika, nisidanganye, ulibadilika mbele yangu. Akaipokea, akaipima, akapandisha miwani kwenye paji la uso. Akapapasa miguu ya plagi. Akaichomeka pale ukutani, akachomeka na taa ya mezani ya bintiye, akabonyeza, akainamisha sikio. Tik, taa ikawaka. Tik, ikazimika. Akaichomoa ikae bila umeme, akahesabu kimya kimya midomo ikicheza, akairudisha, akakisoma kioo. Inakumbuka. Binti yake alisimama mlangoni na simu yake, akaishusha sikioni.

"Hii haiumwi," Fundi akasema.

"Hujailaza bado. Ilaze, nakuomba. Hata wiki mbili."

Akaigeuzageuza. Akanitazama moja kwa moja, jambo ambalo hakulizoea.

"Nikikulazia, utaifuata?"

Jibu lilikuwa moja, tena la neno moja. Lakini nikafikiri chumba changu nilichomwachia mdogo wangu, na barabara ndefu ya kwenda bandari ya Nyamisati, na boti, na msimu ndio huo unaanza, lini tena nitapata nafasi ya kuja? Sikukawia sana. Nilikawia kiasi cha mtu kumeza mate.

Fundi akaichomoa taima. Akairudisha kwenye pakiti yake, akavuta kapu langu, akaitia mwenyewe katikati ya nguo zangu isije ikagongwa njiani.

"Nitakuja, Fundi, inshallah," nikasema, imeshaingia kapuni.

"Inshallah," akajibu, akamgeukia binti yake. "Mletee chai mapema, mama. Mgeni ana safari."